Ratiba Kiasi Gani? Tuliyojifunza kwa Kuwasomesha Watoto Wetu Nyumbani Mombasa

Mzazi anayefikiria kumsomesha mwanawe nyumbani huanza kwa kuuliza habari za vitabu, kisha mitihani, kisha watu watasema nini. Swali lililotugharimu sisi zaidi, kwa fedha na kwa subira, halikuwa mojawapo ya hayo. Lilikuwa swali la kiasi cha mpangilio: mtoto akae mezani muda gani, nani aamue kinachosomwa, lini aachwe afuate apendalo na lini aambiwe aketi mpaka amalize. Naandika kwa ajili ya wazazi wa Mombasa na pwani kwa jumla, kwa sababu mengi niliyoyasoma mimi yaliandikwa na watu wa nchi za baridi wenye bustani nyuma ya nyumba, nao hawakuwa na habari ya chuo cha Kurani cha alasiri, wala ya Ramadhani, wala ya joto la mwezi wa Februari katika nyumba ya kupanga.

Tunaishi Tudor, vyumba viwili na sebule. Mume wangu anafanya kazi ya klaringi bandarini na saa zake hufuata meli. Mimi nilikuwa nikishika hesabu za duka moja mjini mpaka kitindamimba wetu alipozaliwa. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi wakabaki nyumbani hadi Januari 2021, binti yetu mkubwa alikuwa bado yuko chekechea, nami nikamfundisha silabi mwenyewe, jamvini, kwa chaki. Shule zilipofunguliwa alikuwa anasoma Kiswahili bila kusitasita. Jambo hilo lilinipa imani kubwa kuliko nilivyostahili kuwa nayo, maana mtoto mmoja akijifunza upesi mzazi hudhani kwamba siri ni njia aliyoitumia, kumbe huenda siri ni mtoto mwenyewe.

Mdogo wake wa kiume hakuwa hivyo. Alipofika Gredi ya 1 aliingia katika darasa la watoto zaidi ya 60, akajua kunakili ubaoni kwa hati nzuri pasipo kusoma alichokinakili, na kwa kuwa daftari lake lilikuwa safi hakuna aliyegundua chochote mpaka mwaka ulipokuwa unaisha. Simlaumu mwalimu wake. Mtu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto 60 wakisoma mmoja mmoja katika kipindi cha nusu saa. Mwisho wa mwaka 2023 tuliwatoa wote wawili, mvulana kwa ajili ya kusoma, na dada yake kwa sababu sikuona nitakavyoweza kuendesha nyumba moja kwa saa za shule na saa za nyumbani kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuwatoa tulizungumza na wakili, na nawashauri wengine wafanye hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria shule. Wapo wazazi nchini ambao wamewahi kufikishwa mahakamani kwa kuwasomesha watoto nyumbani. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba hili ni jambo la kuamua wikendi moja na kulianza Jumatatu. Nalitaja mapema kwa sababu linahusiana moja kwa moja na mpangilio: anayesomesha nyumbani anapaswa kuwa tayari wakati wowote kumwonyesha afisa, au mkwe, kwamba mtoto anasoma kweli, na uhuru usioacha alama yoyote kwenye karatasi ni vigumu kuutetea.

Muhula wa kwanza tuliihamishia shule sebuleni. Fundi alituchongea madawati mawili, tukanunua ubao, printa, na vitabu vya kila somo la Mtaala wa Umilisi kwa gredi mbili. Vyote pamoja vilikaribia shilingi 40,000, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilimezwa na printa na wino wake. Nilibandika ratiba ukutani yenye vipindi vya dakika 30 kwa mvulana na 35 kwa binti, kama ilivyo kwa madarasa ya chini na ya juu ya msingi, na simu ikawa ndiyo kengele. Kwa jinsi ratiba ile ilivyopendeza, nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu.

Tulichokigundua ni kwamba kipindi cha dakika 35 kimetengenezwa kwa ajili ya umati. Ndani yake mna kuita majina, kutulia, kugawa madaftari, kunakili, kusubiri wa mwisho amalize, na kusahihisha. Kwa watoto wawili, kazi yenyewe ya kipindi humalizika katika robo saa, na dakika zinazobaki hugeuka kuwa ugomvi juu ya kifutio. Wakati huohuo mimi nilikuwa nafundisha gredi mbili kwa zamu huku mtoto mchanga akining'inia kwenye dera, na ikifika saa tano joto limejaa nyumbani, feni inazungusha hewa ileile, na hakuna anayejifunza isipokuwa subira. Nilikuwa nikipaza sauti kila siku. Mume wangu alirudi mchana mmoja akasema kwa upole kwamba ananisikia tangu chini ya ngazi.

Hilo lilikuwa na dawa. Lililonisumbua zaidi ni kwamba usomaji wa mvulana haukusogea hata kidogo, ingawa sasa mwalimu wake alikuwa na wanafunzi wawili tu. Ilinichukua muda kuona sababu. Ratiba ya ukutani ilisema wiki hii ni mada hii, wiki ijayo ni ile, nami kwa kuogopa kuachwa nyuma nilikuwa nasonga mbele na mada wakati yeye hajashika iliyotangulia. Tulikuwa tumemtoa katika chumba kikubwa kilichomkimbia tukamweka katika chumba kidogo kinachomkimbia vilevile.

Likizo ya Aprili nilisoma kuhusu John Holt, mwalimu wa Marekani aliyefariki mwaka 1985, ambaye mwaka 1977 alianzisha jarida kwa ajili ya wazazi waliowatoa watoto wao shuleni. Alishikilia kwamba mtoto ameumbwa na hamu ya kujifunza, na kwamba kazi ya mtu mzima ni kumpa nafasi, vitu na majibu anapouliza, si kumlazimisha. Kwa mtu aliyetoka katika muhula kama wangu, maneno hayo yalikuwa maji ya dafu. Nikabandua ratiba. Madawati tukayasogeza ukutani yakawa mahali pa kuwekea nguo zinazosubiri pasi, na watoto wakaachwa wafuate wanayoyapenda.

Sitaki kuudharau muda ule, kwa sababu ulizaa mambo ambayo ratiba isingeyazaa. Binti yangu alianza kwa kuuliza kwa nini siku nyingine tukienda ufukweni wa umma kule Bamburi bahari iko mbali na siku nyingine imejaa hadi kwenye mchanga mkavu. Babu yake, aliyewahi kuvua, alimwambia atazame mwezi. Akaanza kuandika kila siku saa ambayo maji yamekupwa, kwa kuuliza na kwa kutazama mwenyewe kwenye hori la Tudor, na pembeni akaandika tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Baada ya muda akaona mwenyewe kwamba bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba katikati yake ni maji mafu, na kwamba siku za bamvua maji ya mchana hukupwa sana kabla ya adhuhuri. Kutoka hapo akafika kwenye mvuto wa mwezi na jua, kwenye grafu, kwenye hesabu za wastani. Hakuna mada yoyote ya sayansi niliyoifundisha mezani iliyofika mbali kiasi hicho.

Mvulana naye alifaidi kwa namna yake. Alikuwa akienda na shangazi yake sokoni Kongowea, akajifunza kujumlisha bei na kuhesabu chenji kwa kasi iliyonishangaza, na akafungua feni mbovu akaifunga tena, ikabaki mbovu. Lakini kusoma alikukwepa kwa ustadi. Palipokuwa na maandishi alimpa dada yake, au alikisia kwa picha, au alikumbuka kiu. Nilingoja hamu ije kama nilivyoahidiwa. Hamu ilikuja kwa kila kitu isipokuwa kile alichokiona kuwa kigumu, na tableti ikaziba nafasi yote iliyobaki wazi. Wapo watoto wanaojifunza kusoma karibu peke yao. Dada yake alikuwa mmoja wao. Kwa mtoto ambaye herufi zinamchanganya, kumngojea ni kumwacha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa kiasi cha mpangilio kinachohitajika. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishika silabi kwa utaratibu, pamoja na zile ngumu za mba, ndo, nya, ng'o na kwa, anaweza kutamka neno lolote atakaloliona, hata asilolijua maana. Kazi hiyo ni fupi, lakini ina mpangilio mkali: ukiruka hatua moja, shimo hubaki. Kiingereza ni mambo mengine kabisa, kwa kuwa irabu moja hutamkwa kwa namna nyingi na herufi nyingine huandikwa bila kutamkwa, hivyo mtoto anahitaji kufundishwa mafungu ya herufi na sauti zake moja baada ya jingine kwa muda mrefu. Hisabati ni hivyo pia. Asiyejua kuzidisha hawezi kugawanya. Lakini historia ya Mombasa haidai mtoto aanze na karne fulani. Anaweza kuanza na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha akarudi nyuma au akaenda mbele kadiri swali linavyompeleka. Basi kabla ya kujiuliza kama wewe ni mzazi wa ratiba au wa uhuru, liulize somo lenyewe: je, linajengwa tofali juu ya tofali, au linaweza kuingiwa kwa mlango wowote?

Aliyenifungua macho kuhusu namna ya kufanya hivyo si kitabu. Mamangu alikuja kutembea, akatusikia tukibishana, akasema: "Mwanangu, kule chuoni mbona hakuna amngojeaye mwenziwe, na kila mtoto yuasoma?" Nilimjibu kwamba chuo ni jambo jingine, kisha maneno yake yakanikaa siku nzima. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani cha hapa kwetu anajua utaratibu wake. Unaanza kwa herufi, unaingia kwenye irabu, unafika kwenye sura fupi za Juzuu Amma, na mpangilio huo haujadiliwi. Saa ya kuanza haijadiliwi pia. Lakini ndani ya chumba kimoja kila mtoto ana mahali pake; maalim humwita mmoja mmoja, humsikiliza, akisoma vizuri humsogeza, akikosea humrudisha na somo lilelile hadi kesho, na wakubwa huwasikiliza wadogo. Mvulana wangu, ambaye darasani alipotea, chuoni alikuwa akisonga taratibu bila tatizo.

Nilichokuwa nimekichanganya ni mambo matatu ambayo shule huyafunga pamoja: kipi kinatangulia kipi, saa ya kuanza, na kasi ya kwenda. Katika muhula wa kwanza nilikuwa nimevikaza vyote vitatu. Katika miezi ya uhuru nikavilegeza vyote vitatu. Kumbe mtoto wangu alihitaji viwili vya kwanza vikazwe na cha tatu kiachwe.

Tangu hapo siku yetu ina umbo ambalo limedumu, pamoja na marekebisho madogo. Baada ya chai, saa moja na nusu hivi wakati nyumba bado ina ubaridi, kuna mambo matatu: kusoma, kuandika, hesabu. Kila mtoto ana mahali pake katika kila moja, nami humsikiliza mmoja wakati mwingine anafanya kazi ya maandishi. Kwa mvulana kila jambo huchukua kama dakika 15, na akiwa ameshika tunaacha hata kama muda haujaisha. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alikuwa akisisitiza masomo mafupi kwa watoto wadogo ili wazoee kutega akili yao yote badala ya kuivuta kwa saa nzima, na katika kusoma na hesabu nimeona kwamba alikuwa na haki. Mara nyingi kufikia saa tatu na nusu yote yamekwisha. Wazazi wageni hawaamini ninapowaambia muda huo, lakini ondoa kusubiri, kupanga foleni na kunakili, uone kinachobaki.

Kutoka hapo hadi adhana ya adhuhuri muda ni wao, ila kwa masharti: hakuna skrini, na kazi waliyoianza waimalize au waniambie kwa nini wanaiacha. Hapa niliazima kwa Maria Montessori, Mwitaliano aliyeona kwamba mtoto huzama katika kazi aliyoichagua akipewa muda mrefu usiokatizwa, kama saa tatu hivi. Mason na Montessori wanaonekana kupingana ukiwasoma kwa kutafuta imani ya kufuata. Ukiwatumia kila mmoja kwa kazi yake hawagombani. Adhana ndiyo kengele yetu, nayo ina ubora ambao kengele ya simu haikuwa nao: haitoki kwangu, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Alasiri wanakwenda chuoni, na jioni ni ya kucheza barazani na watoto wa jirani waliorudi shule. Familia isiyo ya Kiislamu itapata nguzo zake nyingine, mathalani chakula cha mchana au kurudi kwa mzazi kazini. Mradi ziwe ni nguzo ambazo nyumba tayari inazo, kwa sababu utaratibu unaobuniwa upya kila Jumatatu haudumu hadi Alhamisi.

Matembezi tunayapanga kwa daftari la binti la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua za asubuhi hakuna meza, tunakwenda kwenye mwamba wakati vidimbwi viko wazi. Siku nyingine ni Bustani ya Haller kule Bamburi, na hapo ndipo mvulana alipopata lake. Mahali pale palikuwa machimbo matupu ya mawe ya kiwanda cha saruji, na kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje iliyoweza kuvumilia chumvi. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mvulana wangu hakuweza kuliacha jambo hilo. Alifuga majongoo katika debe, akawapima, akataka kujua kila kitu juu yao, na kwa mara ya kwanza akashika kitabu bila kuambiwa. Ningependa kusema kwamba jongoo ndiye aliyemfundisha kusoma, na hadithi ingependeza zaidi, lakini ukweli ni kwamba wakati huo alikuwa ameshamaliza silabi kwa zile dakika 15 za kila asubuhi. Hamu ilimkuta tayari ana uwezo. Ingemkuta miezi michache nyuma, angempa dada yake kitabu.

Watoto wa nyumba moja hawahitaji kiasi kimoja. Binti yangu hapendi saa, anapenda orodha. Jumapili jioni tunaandika pamoja yanayotakiwa kumalizwa kufikia Alhamisi, naye huyapanga atakavyo, wakati mwingine humaliza hesabu za wiki nzima Jumatatu. Mvulana akipewa orodha ya wiki huisahau kabla ya chakula cha mchana, lakini akijua kwamba baada ya kuandika ni hesabu na baada ya hesabu ni majongoo, hutembea mwenyewe. Kitindamimba, ambaye bado ni wa umri wa chekechea, hana ratiba yoyote zaidi ya hadithi, nyimbo na maji ya kumwagia maua, na sijaona haja ya kumharakisha. Kama una watoto wawili au zaidi, mtazame kila mmoja kwa mwezi mzima kabla ya kununua mpango wa masomo. Ile mipango inayouzwa ikiwa imekamilika, yenye vijitabu vya kujaza kila siku, inawafaa wengine, lakini ni ghali na ukishaulipia ni vigumu kukubali kwamba haumfai mwanao.

Kuna siku ambazo hakuna mpangilio utakaosimama: wageni kutoka Lamu, khitma, arusi ya wiki nzima, mtoto mwenye homa, mama aliyechoka. Mwanzoni siku kama hizo zilivunja wiki nzima, kwa sababu tulikuwa tunahesabu kuwa tumeachwa nyuma na tunapaswa kulipa deni. Sasa tuna kipimo cha chini kabisa, ambacho ni kila mtoto kusoma kwa sauti mbele ya mtu mzima yeyote aliyepo nyumbani, ukurasa mmoja, basi. Shangazi anaweza kumsikiliza, babu anaweza. Ramadhani nayo ina utaratibu wake: wanaofunga hulala tena baada ya alfajiri, masomo matatu huanza saa nne, hesabu mpya haifundishwi mwezi huo, tunarudia ya zamani, na muda wa kabla ya futari ni wa kusomewa hadithi. Mtu akilazimisha ratiba ya Shaabani iendelee Ramadhani, watakaoumia ni wote.

Kuhusu kumbukumbu za maandishi, hapa sikulegeza. Kila mtoto ana faili lenye tarehe, kazi chache za kila mwezi, orodha ya vitabu alivyosoma, na picha za miradi. Ijumaa natumia kama nusu saa kuyapanga. Miundo ya mtaala ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya inapatikana kwenye intaneti, nami huipitia mwanzo wa muhula, kisha naiweka kando na kuirudia mwisho wa muhula ili kuona ni yapi tumeyagusa bila kukusudia na ni yapi tumeyaruka. Mara nyingi sayansi na jamii tumezipita mbali, na tulichokiruka ni kitu kama sarufi ya Kiingereza, ambacho basi hukaa katika zile dakika za asubuhi muhula unaofuata.

Suala la mtihani ndilo linaloamua kiasi cha ratiba kwa miaka ya juu, na ni vyema kulifikiria miaka miwili kabla. Tathmini ya Gredi ya 6 husimamiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa kupitia shule, ikiambatana na tathmini zinazofanyika shuleni katika gredi zinazotangulia, kwa hiyo mtoto anayetaka kuingia katika njia hiyo anahitaji kuwa na shule mapema. Familia nyingine huchagua mitihani ya Cambridge, ambayo mtahiniwa wa binafsi anaweza kuifanya kupitia kituo kilichosajiliwa, na ambayo hulipiwa kwa kila somo. Ni njia inayoacha uhuru mkubwa katika miaka ya chini na inayodai nidhamu kali katika miaka ya mwisho. Usichague kwa kufuata jirani. Uliza ada zote kwanza, maana ndizo zitakazosema.

Gharama niliyoichelewa kuihesabu ni ya nguvu zangu. Mshahara wangu ulikuwa umeshakoma, hilo tulilijua. Sikujua kwamba mpangilio mwingi humchosha mzazi asubuhi na mpangilio mchache humchosha mchana, kwa kuwa watoto wasiojua kinachofuata humuuliza mama kila dakika kumi. Siku hizi saa moja baada ya adhuhuri kila mtu yuko kimya mahali pake, na mimi pia. Jumamosi hesabu ni za baba yao, kama hakuna meli, na anawafundisha kwa njia zake ambazo ni tofauti na zangu, tumekubaliana nisiingilie.

Januari binti yetu anaingia shule kwa Gredi ya 6. Aliamua mwenyewe, kwa sababu anataka wenzake na anataka mashindano ya sayansi. Shule iliyokubali kumpokea ilitazama faili lake, ikampa majaribio ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati, na ikatuambia kwamba yuko sawa isipokuwa kwamba anachukua muda mrefu mno kwenye karatasi yenye saa. Basi muhula huu tumemrudishia kile tulichokiondoa: vipindi vya dakika 35, siku mbili kwa wiki, simu ikipiga kengele, na karatasi za zamani za kujipima. Analalamika kidogo na anaendelea. Mvulana atabaki nyumbani angalau mwaka mwingine, mpaka Kiingereza chake kifike mahali ambapo darasa la watoto wengi haliwezi kumpoteza tena, na kwake hatujabadilisha chochote isipokuwa kwamba dakika 15 za kusoma sasa zimekuwa 25, kwa ombi lake.